Historia na Ualimu Visitenganishwe

Hivi karibuni tulikwenda Ng'ambo, mjini Unguja, kumzika mzee mmoja aliyekuwa mchukuzi wa bandarini tangu ujana wake. Katika mwezi wa Agosti 1948, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, mzee huyo alikuwa miongoni mwa wale waliotua mizigo chini na kukataa kuibeba tena mpaka ujira uongezwe. Mgomo ule ulianzia gatini, ukaenea mji mzima, na serikali ya kikoloni ikalazimika kusikiliza sauti ambayo haikuwa imezoea kuisikia.

Tulipokuwa tumekaa chini ya turubali tukingojea khitma, tulijikuta bega kwa bega na kijana mmoja, jirani wa marehemu, nyumba ya tatu kutoka yake. Kijana huyo ni mwalimu wa historia, na shahada yake ameipata chuo kikuu. Tukamwuliza kama marehemu aliwahi kumsimulia habari za mgomo. Akatutazama kwa mshangao, akasema: "Mgomo gani, kaka?"

Kijana yule si mjinga. Angeweza kutueleza sababu za Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na chimbuko la mapinduzi ya viwanda ya Uingereza bila ya kufungua daftari. Lakini historia ya bandari ya kwao ilikuwa ikikaa barazani kila jioni, hatua thelathini kutoka mlangoni kwake, na yeye akipita na kuiamkia, "Shikamoo mzee," kisha akenda zake.

Wala lawama si yake peke yake. Sisi makada tulikuwa tukimkalisha mzee yule mstari wa mbele kila inapofika sherehe ya Januari 12. Tulimvisha kofia, tukampigia makofi, tukampa soda, kisha tukamrejesha kwake. Katika miaka yote hiyo hatukumwuliza hata swali moja tukaliandika jibu lake. Mzee amekufa, na aliyokuwa akiyajua tumeyazika pamoja naye.

Tumelianza jambo hili kwa maziko kwa sababu linahusu elimu inayotolewa katika vyuo vyetu vikuu, nayo ni ile ya kusomea historia na ualimu kwa pamoja. Wako wazazi wengi ambao mtoto wao akipata nafasi ya masomo hayo huona haya kuwaambia majirani. Husema mtoto "amepata ualimu tu", kama kwamba ni daraja ya waliokosa sheria, uhasibu au udaktari. Huongeza kwamba historia ni habari za waliokwisha kufa, na waliokufa hawamlipi mtu mshahara.

Wazazi hao tungependa kuwakumbusha mambo mawili. Mwasisi wa Taifa hili, Julius Nyerere, alisomea ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akaenda Edinburgh kuendelea na masomo, akarudi kufundisha Pugu; na katika vyeo vyote alivyovishika, lile alilopenda kuitwa ni Mwalimu. Na hapa Visiwani, Marais watatu waliofuatana kuanzia 1972 hadi 1990, yaani Aboud Jumbe, Ali Hassan Mwinyi na Idris Abdul Wakil, wote walishika chaki kabla ya kushika madaraka. Kazi ambayo imetoa viongozi wa namna hiyo si kazi ya kuonewa haya.

Sasa na tuiangalie elimu yenyewe. Mwanafunzi anayesomea shahada ya sanaa pamoja na ualimu husoma mambo ya namna mbili. Kwa upande mmoja husoma somo lake, nalo hapa ni historia: Afrika kabla ya ukoloni, biashara ya Bahari ya Hindi, utumwa, kuingia kwa wakoloni, harakati za ukombozi, na namna ya kuupima ushahidi. Kwa upande wa pili husoma elimu: saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji, na mbinu za kufundishia. Kisha kwa muda wa wiki kadhaa hupelekwa skuli kufanya mazoezi ya kufundisha, ambako husimama mbele ya watoto huku mkaguzi amekaa nyuma na kalamu yake.

Upande mmoja humpa mwalimu kitu cha kusema, na upande wa pili humpa njia ya kukisema kikamfikia mtoto. Ukiutoa wa kwanza unabaki na fundi stadi asiye na mbao. Ukiutoa wa pili unabaki na tajiri wa mbao asiyejua kuchonga hata kigoda.

Nchi yetu iliyaelewa mambo haya mapema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kilichoshirikishwa na Chuo Kikuu cha London, na kikawa chuo kikuu kamili mnamo Julai 1970. Katika miaka hiyo idara yake ya historia ilijipatia sifa duniani. Terence Ranger, profesa wake wa kwanza, alifika mwaka 1963; wakafuata wazalendo kama Isaria Kimambo na Arnold Temu, ambao mwaka 1969 walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoandikwa kwa jicho la Mwafrika. Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha pale, na mwaka 1972 kikatoka kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Na mtoto wa visiwa hivi, Abdul Sheriff, alifundisha pale pale, akachapisha mwaka 1987 utafiti wake juu ya watumwa, karafuu na pembe za ndovu katika uchumi wa Zanzibar.

Lakini lililo kubwa zaidi kwetu si vitabu vya maprofesa. Ni kazi iliyofanywa na wanafunzi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wazee waliokuwa watoto wakati wa vita walikuwa bado wahai. Wanafunzi wakakaa nao chini ya miembe, wakasikiliza, wakaandika. Hadi hapo vita vile vilikuwa vikijulikana zaidi kwa maandishi ya Wajerumani waliovipiga. Baada ya kazi ile, sauti ya waliopigwa nayo ikaingia katika kumbukumbu za dunia. Lau wangelichelewa miaka ishirini, wangeliyakuta makaburi.

Mwaka mmoja kabla yake, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alilalamika kwamba skuli zinamfundisha mtoto kuamini kuwa elimu yote imo vitabuni na kwa wenye vyeti, na kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Wale wanafunzi wa 1968 ndio waliolijibu lalamiko hilo kwa vitendo.

Je, sisi wa Visiwani tunacho cha kuwafanya wanafunzi wetu waige mfano huo? Tunacho, tena kwa wingi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, na walimu wanafunzwa hapa hapa nyumbani, pamoja na Beit-el-Ras, mahali ambapo walimu wetu wengi wa zamani walipata mafunzo yao. Kilimani kuna Nyaraka za Taifa, zenye mafaili ya ukoloni na maandishi ya Kiarabu ambayo mwaka 2003 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Kizimkazi Dimbani upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 Miladia. Pemba kuna magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini. Mji Mkongwe wenyewe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na sehemu ya Beit-al-Ajaib iliyoporomoka Disemba 25, 2020 ilitukumbusha kwamba hata jiwe hufa likiachwa bila ya mwenyewe.

Na njia ya kuzitumia hazina hizi hatukungojea kufundishwa na wageni. Sisi tuliopita chuoni kwa maalim kabla ya kwenda skuli ya serikali tunaijua. Tulipokua kidogo na kuanza kuhudhuria darsa, maalim hakuitaja hadithi bila ya kuwataja wapokezi wake: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Mwanafunzi akifundishwa kuuliza: Nani kasema? Kasikia kwa nani? Je, hao wawili walipata kuonana? Alikuwa mtu mwaminifu? Miaka mingi baadaye tulipokutana na vitabu vya kizungu vinavyoeleza namna ya kuupima ushahidi wa historia, tulicheka peke yetu. Maswali yalikuwa ni yale yale.

Tena maalim yule yule hakumpa mtoto Suratul Baqara siku ya kwanza. Alimwanzisha kwa alifu, akamtia irabu, akampa sura fupi za mwisho, akapanda naye ngazi moja moja. Mtoto mkubwa alimsomesha mdogo, na kila mmoja alikuwa pahala pake katika kitabu. Huo nao ni ualimu. Kwa hivyo mkekani pale palikuwa na mambo mawili pamoja, kuijua asili ya neno na kuijua njia ya kulifikisha, wala hakuna aliyefikiria kuyatenganisha.

Ama katika vyuo vyetu vikuu leo, tunaona kwamba pande hizi mbili mara nyingi zinaishi kama wapangaji wa nyumba moja wasiosemezana. Mhadhiri wa historia humfundisha kijana habari za dola za kale bila ya kujali atazieleza vipi kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza. Mhadhiri wa elimu humfundisha kuandika andalio la somo bila ya kuuliza kama somo lenyewe ni la kweli. Na mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha hutazama ubao umepangwa vipi, sauti inafika nyuma au haifiki, na muda umegawiwa vipi. Ni nadra kumwuliza mwalimu mwanafunzi: "Haya uliyowaambia watoto, umeyajuaje?"

Lugha nayo huongeza umbali. Kijana huzungumza na bibi yake kwa Kiswahili cha Wete au cha Makunduchi, huandika mtihani wake wa chuo kikuu kwa Kiingereza, kisha hurudi darasani kufundisha kwa Kiingereza watoto ambao bibi zao ni wale wale. Utafiti wa Mwingereza Anthony Clayton juu ya mgomo wa 1948 ulichapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 1976. Ni kazi ya maana, nasi tunamshukuru. Lakini tufikirie: jambo lililofanywa na wachukuzi wa Unguja, kwa Kiswahili, limesafiri hadi Uppsala, na halijafika nyumba ya tatu. Huko Tanzania Bara, mageuzi ya mitaala yaliyofuata sera ya elimu ya toleo la 2023 yameleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Basi hakuna tena wa kutuambia kwamba historia haisomesheki kwa lugha yetu.

Lipo jambo jengine, zito zaidi, ambalo magazeti huliepuka. Sisi hatutaliepuka, kwa kuwa chama chetu kimetufunza kujikosoa na kukosoana. Historia ya visiwa hivi ina kurasa chungu. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukakoma kutambuliwa kisheria mwaka 1897. Katika darasa moja leo anaweza kukaa mtoto ambaye babu wa babu yake aliuzwa, na mtoto ambaye babu wa babu yake alinunua, na dawati lao ni moja. Ziko habari za Kiembe Samaki za Julai 1951, wakulima walipopinga ng'ombe wao kuchanjwa, na mvutano ukaishia kwa polisi kupiga risasi na watu kufa. Yako machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961. Yapo Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyomwondolea mnyonge dhulma na kumfungulia mtoto wake mlango wa skuli, elimu ilipotangazwa kuwa bila ya malipo Septemba 23 mwaka ule ule; na ambayo ndani yake, kama katika mapinduzi yote, damu ilimwagika na majumba yalilia.

Mwalimu atafanya nini mtoto akinyanyua mkono na kuuliza juu ya kurasa hizo? Aliyesoma historia tu huenda akawamwagia watoto maji ya moto, wakatoka darasani hawasemezani. Aliyesoma ualimu tu ataruka ukurasa na kuwaambia, "Hilo halimo katika mtihani." Naye mtoto aliyenyimwa jibu skuli halali bila ya jibu. Atalipata barazani au katika simu yake, kwa mtu asiye na ushahidi ila chuki. Ni yule aliyesoma yote mawili, kwa dhati, ndiye anayeweza kuwakalisha watoto hao wawili pamoja, akawapa ukweli kwa kipimo cha umri wao, akawaonyesha kila upande umesema nini na kwa ushahidi gani, na wakatoka wakiwa bado marafiki.

Hapana budi tukiri kwamba sisi makada tumechangia hofu hii. Tumependa historia ya kushangilia kuliko historia ya kuulizwa. Tumewapa walimu kaulimbiu mahali pa ushahidi, na mwalimu kijana aliyethubutu kuuliza zaidi tumemtazama kwa jicho la pembeni. Hilo ni kosa. Mapinduzi yaliyofanywa kwa ajili ya haki hayana sababu ya kuogopa swali la mtoto wa Kidato cha Pili. Yanayoogopa maswali ni yale yasiyo na majibu, na sisi majibu tunayo.

Kwa hivyo tunatoa mapendekezo matatu kwa wakuu wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali na wa vyuo vikuu vyetu. Hakuna hata moja linalodai jengo jipya.

La kwanza: kila mwanafunzi wa historia na ualimu anapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, atakiwe kumhoji mzee mmoja wa shehia ile, akiwa pamoja na wanafunzi wake. Sheha atamjua mzee wa kuhojiwa. Leo karibu kila kijana ana simu inayonasa sauti. Mahojiano yaandikwe kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, nakala moja ibaki skuli na nyengine ipelekwe Kilimani. Na kila kauli iandikiwe sanadi yake: mzee aliliona jambo kwa macho yake, au kalisikia, na kwa nani.

La pili: ukaguzi wa mazoezi hayo ufanywe na watu wawili, mmoja wa historia na mmoja wa elimu, nao waafikiane alama. Wakilazimika kukaa kiti kimoja nyuma ya darasa, watajifunza kusemezana.

La tatu: mahojiano bora yachaguliwe na kuchapishwa kuwa vitabu vidogo vya kusomea. Zamani idara ya elimu ya hapa ilikuwa na jarida la walimu, Mazungumzo ya Walimu, ambamo walimu wa kawaida waliandika waliyoyajua. Ikiwa lililowezekana chini ya mkoloni haliwezekani chini yetu, basi tuna la kujieleza.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu za wazee hukosea. Ni kweli, hukosea. Na mafaili ya wakoloni nayo hukosea, tena mengine yalikosea kwa makusudi. Ndiyo maana tunataka mwalimu aliyefunzwa kupima, akayaweka maneno ya mzee na maneno ya faili mbele ya watoto, akawaambia: haya mawili hayalingani, tutafanyaje? Mtoto aliyefunzwa kulijibu swali hilo hatadanganywa kwa wepesi na mgombea, wala na mfanyabiashara, wala na sisi.

Tulipoondoka katika khitma ile, yule mwalimu kijana alitufuata hadi njia kuu. Alikuwa kimya kwa muda, kisha akatwambia kwamba marehemu alikuwa na mwenziwe, naye alikuwa mchukuzi, na yu hai, anakaa kwa mwanawe Mwera. Masikio yamekuwa mazito lakini kumbukumbu bado anayo. Akatuuliza kama twaonaje akimwendea Ijumaa pamoja na wanafunzi wake wachache.

Tukamjibu asingoje Ijumaa.